Tusi Lina Mke na Watoto Watatu

Ngozi ya pampu ilikuwa imekauka kama sikio la mbuzi lililosahauliwa juani. Nilikuwa nimeishika kwa vidole viwili, nimeipaka mawese, nimeisugua, nimeipaka tena, mgambo wawili walipofika benchini kwetu kumchukua mwenzangu.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nikueleze kwa ufupi. Mimi ni Hamdani, fundi wa karabai, zile taa za pampu wanazovulia dagaa. Sikusomea. Nilijifundisha kwa kuifungua taa ya mjomba wangu na kuifunga tena. Zilibaki skrubu mbili, na mpaka leo nazitafutia kwao.

Kibanda changu pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, kiliungua, kama nilivyokwisha kuwalilia. Aliyenigawia nusu ya benchi lake ni Jeremia, Muha wa Kidahwe, fundi mwenzangu. Tukakaa bega kwa bega miaka sita.

Ukafika mwaka wa tisini na saba, mwaka wa msako. Warundi waliokuwa wakiishi mitaani na vijijini walikuwa wakikusanywa na kupelekwa kambini. Katika siku hizo hizo taa ya Gervasi, mwenye boti, ikazimika katikati ya ziwa, dagaa wakatawanyika, na asubuhi Gervasi akaja nayo benchini akifoka. Watu wakajaa. Nami, mtu mpole, nisiyepandisha sauti hata kwa mbuzi, nikapandisha:

"Ndiyo shida ya kufanya kazi na mkimbizi!"

Watu wakacheka. Msomaji mmoja wa Kasulu ameniandikia kwamba naye alicheka. Ahsante, ndugu. Endelea kusoma.

Jambo moja nililisahau wiki iliyopita, au nilijisahaulisha. Pale benchini tulikuwa na desturi. Aliyemaliza kutengeneza taa huikwaruza chini ya tangi kwa msumari, H au J, ili ikirudi na kasoro ijulikane nani wa kulaumiwa. Desturi nzuri sana. Nitairudia baadaye, nikipata ujasiri.

Basi, siku mbili baada ya maneno yangu, mgambo hao wawili.

"Jeremia ni nani hapa?"

"Mimi."

"Simama. Twende ofisini."

"Kuna nini?"

"Wewe ni mkimbizi. Umetajwa."

Jeremia hakusimama mara moja. Alikuwa anazibua tundu la taa kwa sindano nyembamba, na tundu hilo ukiliacha katikati linaziba upya. Akamaliza kuzibua ndipo akauliza, "Nani amenitaja?"

Mgambo akafunua karatasi, akasoma polepole kama mtoto wa darasa la pili. "Mtoa taarifa: Hamdani, fundi taa."

Ilikuwa imeingia wiki ya mbalamwezi, ambapo dagaa hawafuati taa, boti zote zimepanda mchangani na kila mvuvi yuko ufukweni hana kazi. Wote wakanigeukia. Ni watu walewale waliocheka. Sasa nyuso zao zilikuwa za watu wasiojua kucheka tangu wazaliwe.

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilitukana tu!"

"Hapa hawajaandika tusi," mgambo akasema. "Wameandika taarifa."

Jeremia akanikabidhi ile sindano. "Ya taa ya Gervasi hii, kaka. Usiipoteze, zimeadimika."

Akaenda nao. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

*

Mtu wangu wa kwanza kumwendea alikuwa Mtendaji, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba jambo lenyewe ni dogo na litakwisha kwa maneno mawili. Mtendaji wetu jina lake Theophil, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Moshi, aliyeletwa Kigoma na serikali na kuachwa huku.

"Shikamoo, Mzee Hamdani."

"Marahaba, Mtendaji."

"Karibu. Umekuja kuongeza majina?"

"Nimekuja kupunguza."

"Kupunguza ni kazi kubwa. Kuongeza unasimama ufukweni unapiga kelele, basi. Kupunguza lazima uandike." Akavuta kiti. "Ulisema Jeremia ni mkimbizi, au hukusema?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Ulikuwa umelewa?"

"Mimi Mwislamu, Mtendaji. Sinywi."

"Basi hata hiyo nafasi umejinyima."

Nikamweleza. Lilikuwa neno tu, ulimi uliteleza, taa ilizimika, mtu alikuwa ananifokea. Jeremia ni Muha, baba yake alizikwa Kidahwe. Na mimi moyoni sina chochote dhidi ya wakimbizi, hata siku moja. Nilisema "hata siku moja" mara tatu.

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Nisaidie nielewe, Mzee, maana napenda kuandika sawasawa. Taa imezimika. Kwa nini hukusema 'fundi mbovu'?"

"Hilo neno dogo."

"Ulitaka kubwa."

"Nilikuwa na hasira."

"Ukatafuta kichwani mwako, ukapekua, ukakuta kubwa kuliko yote lililokuwemo ni hilo."

Nje ya dirisha kuku alikuwa anapekua pia, naye alionekana kupata kitu bora kuliko mimi.

"Mbona hukumwita Mchaga?"

"Mchaga si tusi, Mtendaji."

"Ahaa. Nimeitwa hivyo dirishani hapo mara nyingi, tena kwa sauti ambayo haikuwa ya kunisifu. Lakini tuendelee. Kabila lako?"

"Mmanyema wa Ujiji."

"Babu alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa. Kongo. Lakini alivuka zamani."

"Zamani tarehe ngapi?"

"Enzi za Mjerumani."

"Na kibali alikuwa nacho?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaacha kucheka. Akaniangalia kwa muda ambao mtu angeweza kubadilisha utambi wa taa, kisha akasema, "Nakutania tu, Mzee. Si nyie mnasema Kigoma mnajua utani?"

Akanipa karatasi nyeupe.

"Sikiliza. Aliyemtaja mtu ndiye anayeweza kumfuta, huo ndio utaratibu. Andika unamfahamu tangu lini, baba yake ni nani na wa wapi. Andika anaishi na nani nyumbani kwake na kila mmoja ametoka wapi. Weka sahihi. Lori linaondoka kesho saa nne asubuhi. Kabla ya saa nne karatasi ikiwa mezani, nitamtoa. Isipokuwepo, sina la kufanya."

"Watu wote mnaowachukua huandikiwa hivi?"

"Wengine hawana wa kuwaandikia, Mzee. Jeremia ana bahati. Ana wewe."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini kwa adabu namna ile, bado.

*

Nyuma ya ofisi kulikuwa na ua wa matete, ndani yake watu kama arobaini na mizigo yao. Mgambo aliniruhusu kusimama nje ya matete na kumwita mwenzangu.

"Taa ya Gervasi umemaliza?" ndilo neno lake la kwanza.

"Bado. Ngozi imekataa."

"Iloweke kwenye mawese, ilale humo. Usiilazimishe, itapasuka."

"Jeremia, sikiliza. Nimepewa karatasi. Naandika leo, kesho unatoka."

"Unaandika nini?"

"Wewe na baba yako, na watu wa nyumbani kwako. Wanataka kujua kila mmoja ametoka wapi."

Niliona jicho lake moja tu katika upenyo, nalo halikupepesa.

"Wa nyumbani waache, kaka."

"Nitawaachaje? Wameuliza."

"Basi usiandike kabisa."

"Utapelekwa kambini!"

"Kambini kuna watu," akasema.

Nikamwona ana kiburi. Ndiyo, mpenzi msomaji, mimi niliyemtia mtu ndani ya matete, nikasimama nje ya matete hayo nikamwona ana kiburi. Nikaondoka nikinung'unika kwamba kuna watu hawasaidiki.

*

Nyumbani mke wangu Mwanvua alikuwa anachambua mchele. Habari zilikuwa zimenitangulia, zina miguu kuliko mimi.

"Karibu, Baba Zuhura. Nasikia umepata kazi serikalini."

"Mama Zuhura, tafadhali."

"Mtoa taarifa! Na sare watakupa?"

"Ulikuwa utani."

Akasimamisha mkono juu ya ungo. "Utani?"

"Utani. Mimi na Jeremia tunataniana miaka yote. Waha na sisi si watani?"

"Mimi nina mtani, Melania. Unamkumbuka siku ya maziko ya mama?"

Nani angemsahau. Melania alilala mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka apewe kuku, tena jogoo, maana marehemu alikuwa mchoyo na kifo kimemkuta bado ana deni la tabia. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka.

"Nilimtukana siku ile," Mwanvua akasema. "Nikamtukana yeye na bibi zake wote. Naye akanirudishia, akatukana mpaka sufuria zangu. Tukamaliza tukakumbatiana tukalia. Sasa na wewe nitajie. Tusi moja tu. Moja ambalo Jeremia amekurudishia."

"Mengi."

"Moja, Baba Zuhura. Kwa miaka sita."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikifungua taa, napanga vipande juu ya mkeka kuanzia kushoto kwenda kulia, ili nikifunga nirudi kulia kwenda kushoto. Nikaipanga miaka sita namna hiyo hiyo.

Mwaka wa kwanza nilimwita mtu wa kambi, kwa sababu alikuwa mwembamba. Alitabasamu. Kisha nikaanza ule mchezo wa chakula: kila alipofungua kifurushi chake mchana nilimuuliza, "Mgao umefika? Leo wamewapa mahindi au maharage?" Wavuvi waliupenda sana. Hata walionunua taa kwingine walikuja saa ya chakula wausikie. Jeremia alitabasamu, akamega, akanikaribisha. Nilikula, nikamtania na mdomo umejaa chakula chake. Mwaka wa tatu. Mwaka wa nne. Nikafika kulia mwisho wa mkeka, na kipande nilichokuwa nakitafuta hakikuwepo.

"Alikuwa anacheka," nikasema.

"Alikuwa anacheka au alikuwa anaonyesha meno?"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungejua kwa kunyamaza hata siku moja, uone kama atauanza yeye." Akarudi kwenye mchele wake. "Mtani anarudisha. Asiyerudisha si mtani wako. Huyo unamtukana tu, na yeye anavumilia. Nenda kwa mkewe. Na usiende kule kutania."

*

Rozalia, mke wa Jeremia, nilimkuta anaanua dagaa waliokauka, watoto wake watatu wakimsaidia kubeba. Aliponiona akawatuma wote bombani, na ndoo mbili tu. Nilijua kwamba hataki wasikie. Akanipa kigoda.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante, shemeji. Pole."

"Nimeshapoa."

Mimi sijui kuongea na mtu niliyemkosea. Nilichojua ni kumtuliza, na nilikuwa nimetunga maneno yangu njiani, moja baada ya jingine, nikaona yamekaa vizuri. Nikayatoa.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji. Naandika leo hii. Nitawaambia Jeremia ni Mtanzania safi, Muha kamili, hana hata tone la wale watu. Lile neno lilikuwa hasira tu. Unajua mtu akikasirika hutafuta kitu kibaya amfananishe nacho mwenzake. Hakuna anayeamini kweli. Mtu anaitwa mbwa, kwani ana mkia?"

Rozalia alikuwa ameshika ungo wa dagaa. Akauweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Kitu kibaya," akasema. "Ego." Hilo ni ndiyo, kwa Kiha, na kwa majirani zetu Warundi vilevile. Sikuwahi kumsikia akilisema mbele yangu.

"Shemeji, unajua mimi ni mtu wa wapi?"

"Wa Manyovu. Si ndivyo?"

"Ndivyo ulivyoambiwa." Alitazama njia ya bombani kwanza. "Mimi nilikuja na mtumbwi mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji kwetu. Nilikuwa na miaka saba. Shangazi alinifunika kwa mkeka, akaniambia nikikohoa tutakufa wote. Tuliondoka nyumbani watu tisa, tukafika huku wawili. Nikalelewa Manyovu na mama aliyetuokota, nikaolewa na Jeremia kanisani. Hatukujiandikisha popote. Tulidhani kuzaa watoto watatu kunatosha."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Kilionekana kirefu mno.

"Kwa hiyo miaka hii sita," akasema, bila kupandisha sauti, "lile tusi ulilokuwa ukimtukana nalo mume wangu ni mimi."

"Shemeji, sikujua."

"Ungejua ungeacha?"

"Ningeacha!"

"Ungeacha kwa sababu ni mimi, mke wa rafiki yako. Kwa wengine ungeendelea." Alisema kama mtu anayesoma kipimo. "Juzi pale mnadani mama mmoja alimwambia mwenzake, unanuka kama mkimbizi. Nilikuwa katikati yao, nimesimama na ndoo yangu. Waliniomba niwaamulie."

Nikaokota dagaa watatu walioanguka miguuni pangu, nikawarudisha ungoni.

"Jeremia akirudi jioni nilikuwa namuuliza: leo Hamdani kasemaje? Ananiambia, leo kanicheka kidogo tu. Namwambia, mjibu, wewe si mwanamume? Mtaje babu yake wa Kongo! Anasema: Mama Recho, mwenye yai mfukoni hapigani mieleka." Akatikisa kichwa. "Alikuwa anaogopa mkianza kuulizana mababu, hamtaishia kwenye mababu."

Basi hilo ndilo lililokuwa tabasamu. Miaka sita nilidhani ninamchekesha mtu, kumbe alikuwa amekaa hivyo, mkono juu ya mfuko, ananihesabia ngumi ili zisifike kwenye yai.

"Na ile taa ya Gervasi," Rozalia akasema, "aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba chini ya tangi kuna herufi yako."

Sasa nimefika pale nilipowaahidi nitafika.

Ndiyo. Taa ilikuwa na H. Ngozi ile niliiweka mimi, kavu, bila kuilowesha, kwa sababu nilikuwa na haraka siku hiyo. Na nilijua. Siyo kwamba nilikuja kujua baadaye, kama wiki iliyopita mlivyodhani, na kama nilivyowaacha mdhani. Gervasi aliponitupia taa niliidaka kwa chini, kidole gumba kikatua juu ya mkwaruzo. Nikausoma kwa kidole, mistari miwili iliyosimama na mmoja katikati. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema "ni mimi". Badala yake nikaingiza mkono kichwani kutafuta kitu kikubwa cha kufunika herufi ndogo.

Jeremia alikuwa amesimama upande wa pili. Naye aliiona. Angeweza kusema, "Geuza taa." Maneno mawili. Hakuyasema.

"Shemeji," nikamwambia Rozalia, "niandike nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nikikuandika, watakuja kwako na watoto. Nikiandika wa Manyovu, watauliza Manyovu. Nisipoandika, Jeremia anapanda lori."

"Nimesikia." Watoto walikuwa wanarudi, tuliwasikia wakigombania ndoo. Akainua ungo wake. "Siwezi kukuambia udanganye. Siwezi kukuambia useme. Hiyo kazi umejitafutia mwenyewe, fundi. Lakini ukiandika, anza na taa."

Miaka yote alikuwa ananiita shemeji. Sikukosa kuona kwamba amebadilisha.

*

Nikarudi benchini alasiri. Taa ya Gervasi ilikuwa juu ya mkeka nilivyoiacha, vipande kumi na tisa kutoka kushoto kwenda kulia, na ile sindano pembeni. Wavuvi wawili watatu wakaja kuniuliza hali. Mmoja akanifariji.

"Usijiumize, Mzee. Si ulikosea tu? Kila mtu anajua Jeremia si mmoja wao."

"Na angekuwa mmoja wao?"

Alifikiri. Nakiri alifikiri kwa kweli, alikunja hata paji la uso. "Hapo sasa lingekuwa jambo jingine."

"Jingine lipi?"

"Si ingekuwa kweli? Kweli haimuumizi mtu."

Akaenda zake akiwa ameridhika. Nilimwangalia akipanda mchanga. Siku mbili kabla ningemnunulia chai kwa hekima ile.

Nikaweka karatasi juu ya ubao, nikaandika polepole, kwa herufi kubwa, kama ninavyoandika kila kitu.

Mimi Hamdani, fundi wa karabai. Taa ya Gervasi iliyozimika ziwani niliitengeneza mimi, na kosa ni langu. Niliona alama yangu kabla sijasema neno lolote. Nilimwita Jeremia mkimbizi ili watu wasigeuze taa. Nilichagua neno hilo kwa sababu nilijua watu wote watalipokea, na kwa sababu nami nililiona ni neno la kumshusha mtu. Nilikuwa nalo tayari. Nimelitumia miaka sita.

Nikasoma. Kwa mtu aliyejifundisha mwenyewe, haikuwa mbaya. Skrubu zote zilikuwa mahali pake.

Nikaendelea. Namfahamu Jeremia tangu mwaka wa tisini na moja. Baba yake alikuwa mkulima wa Kidahwe na kaburi lake liko huko, wazee wapo watakaolionyesha. Jeremia anaishi na:

Hapo kalamu ikasimama. Nikaitikisa. Wino ulikuwemo.

Jua lilikuwa limeshuka juu ya milima ya Kongo, upande aliotoka babu yangu bila kibali, niliposikia viatu vya ngozi kwenye changarawe. Pale ufukweni hakuna anayevaa viatu vya ngozi. Mtendaji alikuwa peke yake, hana mgambo, hana faili.

"Nilikuwa napita, Mzee."

"Karibu, Mtendaji."

Akakaa upande wa Jeremia wa benchi. Akaisoma karatasi bila kuniomba. Aliposoma kuhusu taa alinitazama, akarudi kusoma. Akafika mwisho, akaweka kidole kwenye ile nukta mbili.

"Umeishia pazuri," akasema.

"Nimechoka tu. Mwanga umepungua."

"Na taa zote hizi?"

"Mbovu, Mtendaji."

Akaichukua ile sindano nyembamba, akaigeuza mwangani. "Mama mmoja alikuja ofisini saa kumi," akasema. "Amevaa kitenge kipya, mikono bado inanuka dagaa. Alisimama dirishani muda mrefu. Nikamuuliza, nikusaidie nini? Akasema anataka kuandikisha jina. Nikamuuliza, la nani? Akasema, kwanza niambie, Hamdani ameshaleta karatasi yake? Nikamwambia bado. Akasema basi atarudi kesho, aione kwanza."

Ziwa lilikuwa limetulia kabisa.

"Jina lake alikutajia?" nikauliza.

"Sikumuuliza." Akairudisha sindano mahali pake juu ya mkeka, pale pale, kushoto kwenda kulia. Alikuwa ameuelewa mpangilio. "Nikiuliza lazima niandike, Mzee. Wewe ndiye unayeandika safari hii. Mimi nasoma."

"Mtendaji, wewe ungeandikaje?"

"Mimi?" Akasimama, akapangusa suruali. "Mimi Mchaga tu."

Akaondoka, viatu vyake vikisikika mpaka barabarani. Alipofika pale juu akageuka. "Saa mbili nafungua ofisi. Mstari huo uwe umejaa."

Nikabaki na vipande kumi na tisa, karatasi moja na nukta mbili. Giza la magharibi liliingia, mwezi bado haujachomoza, na sikuwa na taa hata moja inayowaka, mimi fundi wa taa. Nikatafuta kopo kwa kupapasa, nikamimina mawese, nikailaza ngozi ndani yake kama Jeremia alivyosema, bila kuilazimisha. Asubuhi itakuwa imelainika.

Mstari nikauacha mkavu, bila jina hata moja.